Mtembeaji wa Nyuma ya Michongoma

Kwa heshima na taadhima, ninayo furaha kuwatangazia wasomaji wote kwamba mimi, mwanafunzi wa kidato cha pili, kitanda cha chini karibu na mlango, nimetoa mchango mkubwa katika utafiti wa tiba. Mchango wenyewe ulikuwa wa kuuvuruga. Lakini watu wakubwa hawaanzi na habari za namna hiyo, kwa hiyo nami nitaanza mbali kidogo, kwenye kengele.

Shuleni kwetu kila jambo lina kengele yake. Ipo ya kuamka, ya kuoga, ya chai, ya kuingia darasani na ya kutoka. Saa kumi na nusu jioni hulia ile tunayoichukia kuliko zote, ya kujisomea. Kuanzia hapo hadi chakula cha jioni kila msichana yuko kwenye dawati lake, kimya, huku Mama Matroni akipita madirishani na viatu vyake visivyotoa sauti. Madawati ni ya watu wawili wawili. Mimi nilikaa na Nukta tangu kidato cha kwanza. Aliitwa Nukta kwa udogo wa umbo lake. Mwalimu akihesabu mstari haraka haraka alikuwa anamruka. Mimi waliniita Waziri, na wizara yangu ilikuwa ya vituko.

Nukta alikuwa katibu wa wizara hiyo, na kazi yake ilikuwa moja tu, kucheka. Nilipotia chumvi katika bakuli la sukari la viranja, Nukta alicheka hadi akaingia chini ya meza. Nilipompelekea mwalimu wa hesabu barua rasmi ya pongezi kutoka Umoja wa Pembetatu, alicheka siku mbili, hata akiwa anapiga mswaki. Sikuwa na rafiki mwingine na sikuona haja ya kumtafuta.

Jambo jingine lililotuunganisha lilikuwa kuumwa na kichwa. Changu kilikuja mara nyingi zaidi, ila nilijifunika shuka nikangoja kipite. Cha Nukta kilimlaza kabisa. Muhula mmoja alikosa mitihani mitatu, na mwalimu mkuu akamwandikia mama yake kwamba hali ikiendelea hivyo itabidi arudi nyumbani apumzike mwaka mzima. Nukta alinionyesha ile barua. Hakucheka siku hiyo, na mimi sikujaribu kumchekesha.

Ndipo akaja Dada Mapigo. Alikuwa muuguzi kutoka hospitali kubwa, na jina hilo tulimpa sisi, kwa sababu kabla hajamaliza kukusalimia alikuwa ameshakushika kifundo cha mkono anahesabu mapigo ya moyo. Alituita wasichana kumi na wawili tulioumwa na kichwa mara kwa mara, akatuketisha katika chumba cha wagonjwa, akatueleza kwamba hospitali yao inafanya jaribio. Si la dawa, alisema, ni la kutembea. Walitaka kujua kama mwanafunzi anayekaa kutwa nzima kwenye dawati, akitembea kwa mwendo wa haraka nusu saa kila jioni, ataumwa kichwa mara chache zaidi. Mmoja wetu akauliza kama kweli inasaidia. Dada Mapigo akajibu kwamba hajui, na angekuwa anajua asingekuja kutusumbua.

Wazazi wetu walikuwa wametia sahihi barua za ridhaa, na sisi pia tukatia zetu. Yangu niliichora kwa mbwembwe zote za kiwaziri. Yeyote angeweza kujitoa siku yoyote, bila kutoa sababu na bila kugombezwa.

Utaratibu ulikuwa huu. Tungegawanywa makundi mawili. Kundi la kwanza lingetembea kila jioni isipokuwa Jumapili, kwa wiki nane, na mwalimu mkuu alikuwa amewapa ruhusa ya kukosa nusu saa ya kujisomea. Kundi la pili lingeendelea na maisha kama kawaida, bila matembezi. Kila usiku kabla ya taa kuzimwa, kila mtu angejaza karatasi yenye maswali mawili: leo umeumwa na kichwa? Leo umetembea kwa mwendo wa haraka? Baada ya wiki nane makundi yangelinganishwa. Ikionekana kutembea kunasaidia, kundi la pili nalo lingepewa matembezi yake, na la kwanza lingeendelea. Ikionekana hakusaidii, kila mtu angerudi kwenye dawati lake.

Makundi hayakuchaguliwa na mtu. Kila mmoja aliokota bahasha iliyofungwa kutoka kwenye boksi. Nukta alipata kadi ya njano, ya kutembea. Mimi nilipata nyeupe.

Mara moja nikafanya diplomasia. Nilimwendea msichana mmoja mvivu aliyeshika kadi ya njano kama ameshikishwa mzigo, nikampa hoja zangu pamoja na ahadi ya kipande cha sabuni. Alikuwa amekubali kabisa, Dada Mapigo akatuona. Hakutugombeza. Alisema tukiruhusiwa kubadilishana, wenye hamu ya kupona watakusanyika upande mmoja na wenye uvivu upande wa pili, na mwisho wake hatajua kilichosaidia ni miguu au ni hamu. Kura haina upendeleo, ndiyo maana wanaitumia. Niliielewa hoja yake vizuri. Sikuipenda.

Jumatatu saa kumi na nusu, Nukta alifunga kamba za viatu, akaniaga kwa kunipungia mkono, akatoka. Nilibaki na nusu ya dawati iliyo wazi. Niliuweka mkoba wake uketi mahali pake. Nikaunong'oneza mkoba maneno kuhusu kofia mpya ya mwalimu wa jiografia, maneno mazuri sana, nikajikuta nangojea. Wasichana wa dawati la mbele waligeuka, wakanitazama, wakarudi kwenye vitabu vyao.

Wiki ile ya kwanza nilifanya kituko kimoja tu. Nilifunga kamba za mapazia ya bwenini kwa mafundo kumi na tisa. Mtu wa kwanza kuyakuta aliguna, akayafungua yote, akaenda kula. Nukta hakuwepo, walikuwa wameanza kula pamoja, wale sita, kwenye meza ya pembeni, kwa sababu walirudi wakati mmoja wakiwa na jasho na hadithi zao. Aliponisimulia baadaye alikuwa na maneno ya huko, watu wa huko, vichekesho nisivyovielewa mpaka nifafanuliwe. Kichekesho kinachofafanuliwa nami nilijua kukichekea kwa adabu.

Wiki iliyofuata Mama Matroni alitafuta wa kujitolea kumwaga taka za mabweni jioni, wakati wa kujisomea. Kazi hiyo haijawahi kupata mtu kwa hiari tangu shule ijengwe. Niliposimama, Mama Matroni alinitazama kama anayesubiri chura aruke kutoka mfukoni mwangu.

Sikuwa na chura. Nilikuwa na ramani kichwani. Shimo la taka liko nyuma ya ua wa michongoma, na upande wa pili wa ua huo ndipo ilipopita njia ya kundi la kwanza, kutoka tangi la maji hadi getini na kurudi. Nilimwaga taka kwa dakika moja, nikasimama na ndoo tupu, nikawasikia wanakuja. Michongoma ni minene, huoni mtu. Lakini sauti inapita yote. Nikaisikia ya Nukta. Walipopita nami nikaondoka nao, upande wangu, ndoo mkononi. Walikwenda haraka, nikaenda haraka. Getini waligeuka, nami nikageuka. Nusu saa nzima nilitembea na watu sita ambao hawakujua kwamba wako saba.

Kesho yake nikaenda tena. Na kesho kutwa.

Upande ule niligundua jambo ambalo sikulijua kwa mwaka mzima na nusu tuliokaa dawati moja. Nukta ana mdomo. Kwangu alikuwa mchekaji, kule alikuwa msimulizi. Aliwaiga walimu, akamwiga Mama Matroni, akasimulia habari za kaka yake aliyejifungia ndani ya kabati, na wenzake walikuwa wakimwomba arudie. Nilikuwa nikiziba mdomo kwa kiganja nisicheke. Halafu walikuwa wakifika tangini, wanaagana, na upande wangu unabaki na shimo la taka na nzi wake.

Usiku nilijaza karatasi. Leo umetembea kwa mwendo wa haraka? Hapana. Niliandika hivyo siku zote, na nilikuwa na utetezi wa kutosha: sikutembea, nilifuata sauti; nilikuwa zamu ya taka; na tena hakuna aliyeniuliza kwa mdomo. Kwenye swali la kichwa sikudanganya. Kadiri wiki zilivyokwenda, hapo nako nilizidi kuandika hapana, na sikujishughulisha kuwaza kwa nini.

Mama Matroni alinisifu mbele ya bweni zima. "Huyu mtoto amebadilika," alisema. "Anamwaga taka nusu saa nzima, hadi shimo linang'aa. Igeni." Nilisimama pale nikipigiwa makofi, na Nukta naye akapiga.

Wiki nane zilipokwisha, Dada Mapigo alitukusanya tena na kuandika ubaoni. Alikuwa amehesabu siku za kuumwa na kichwa katika wiki nne kabla ya jaribio, kisha katika wiki nne za mwisho. Kundi la kutembea, wote sita kwa jumla: kutoka siku ishirini na tano hadi kumi na sita. Wasichana wakaguna kwa furaha. Kundi la pili: kutoka ishirini na sita hadi kumi na saba.

Alisimama na chaki mkononi. Pande zote mbili zimepungua siku tisa, alisema. Waliotembea na wasiotembea ni sawasawa. Kwa hesabu hii hawezi kusema kwamba kutembea kumesaidia. Inawezekana vichwa vimetulia vyenyewe. Atawapelekea wakubwa wake hesabu ilivyo. Kesho kundi la kwanza lingetembea mara ya mwisho, kuagana, naye angetembea nao.

Halafu akaniita pembeni, kwa kuwa alikuwa ameona jambo. Katika kundi letu wenzangu watano walikuwa palepale, kwa jumla siku kumi na tano kabla na kumi na tano baadaye. Mimi peke yangu nilikuwa nimeshuka kutoka kumi na moja hadi mbili. Akataka kujua kama nilibadilisha chochote: usingizi, chakula, mazoezi.

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Niliuona mlango uko wazi kabisa. Nikasema nilikuwa nakunywa maji mengi.

Macho yake yalimetameta. Akaandika. Akauliza kiasi gani, nikasema vikombe saba. Akauliza tangu lini, nikamtajia tarehe. Kwa nilivyozoea kutunga, tarehe ilitoka na siku yake ya wiki.

Jioni ile Nukta alikaa ukingoni mwa kitanda changu, miguu haifiki sakafuni. Alikuwa ameumwa siku nane kabla ya jaribio, na siku mbili tu baadaye, na mtihani hata mmoja hajakosa. Sasa hakuwa na uhakika tena kilichomsaidia ni nini. Aliniuliza habari za maji, kwani wasichana waliosikia walikuwa wameshamwambia. Nikamweleza ule uongo wangu upya, sasa ukiwa na ratiba: kikombe cha kwanza kabla ya kengele, cha mwisho kabla ya taa. Akaandika kwenye daftari. Asubuhi alikunywa vikombe vinne mfululizo, akakimbilia chooni katikati ya somo, akarudi akanywa kingine, na mchana akatapika. Alipofuta mdomo aliniambia, "Waziri, labda mimi sinywi kama wewe. Nitajaribu tena polepole. Nyumbani sirudi."

Jioni nikachukua ndoo.

Wapo ambao wangetumia siku ile kujirekebisha. Mimi nilikwenda nyuma ya michongoma, kwa sababu ilikuwa mara ya mwisho. Walikuja wakiwa saba, pamoja na Dada Mapigo, na Nukta alikuwa anamsimulia kituko changu kikubwa kuliko vyote: nilivyotega saa za mezani zilie katikati ya hotuba ya mwalimu mkuu siku ya wageni. Alisimulia vizuri kuliko nilivyofanya mwenyewe. Saa ya kwanza ililia kabatini, mwalimu mkuu akanyamaza. Ya pili ikalia ndani ya ngoma ya skauti. "Zilikuwa mbili," Nukta akasema, "na Waziri alikaa pale uso kama wa mtu aliyefiwa."

"Tatu," nilisema. "Ya tatu ilikuwa chini ya kiti cha mgeni rasmi."

Upande ule miguu ilisimama. Yangu pia. Dada Mapigo alizunguka kwenye pengo la karibu na tangi, wengine wakimfuata, akanikuta nimeshika ndoo, natweta kama wao, jasho linanitoka kama wao.

Aliitazama ile ndoo. Kisha akasema kwa upole, "Bila shaka umekuja kumwaga taka."

Alikuwa ameniletea uongo mwenyewe, umeshapikwa, nimeze tu. Ningetikisa kichwa na mambo yangeishia hapo. Nyuma yake alisimama Nukta, midomo imempauka kwa kutapika, na chupa ya maji kwapani.

"Hapana, Dada," nikasema. "Nimekuja kutembea. Natembea kila siku wanayotembea. Tangu wiki ya pili. Na maji sinywi zaidi ya watu wengine. Hayo nilitunga."

Nilitegemea mtu acheke. Nukta aliiangalia ile chupa, akaiweka chini taratibu, akaondoka.

Dada Mapigo alinipeleka chumba cha wagonjwa, akatoa karatasi zangu zote, akanipa kalamu. Nilitaka kufuta kwa ufutio akanizuia. Katika kazi yao hakuna kufuta. Unapiga mstari mmoja juu ya neno la uongo, ili bado lisomeke, unaandika la kweli pembeni, unatia tarehe ya leo na sahihi. Zilikuwa karatasi arobaini na mbili. Hapana, mstari, ndiyo, sahihi. Kwenye karatasi ya kumi sahihi yangu ilikuwa imepoteza mbwembwe zote. Kwenye ya thelathini ilikuwa jina tu.

Nilipomaliza alitoka ukumbini kupiga simu kwa daktari anayesimamia jaribio. Nilisikia akisoma namba, akinyamaza, akisoma tena. Aliporudi alivuta kiti akaketi mbele yangu.

"Jaribio halijafa," alisema. "Nilidhani wasiotembea wamepona sawa na waliotembea. Kumbe aliyepona upande wa pili alikuwa anatembea. Hiyo peke yake haithibitishi kitu, lakini inatosha kuendelea. Kundi la kwanza litaendelea, kundi la pili litaanza Jumatatu, na tutahesabu upya. Mwenzako hatarudishwa kwenye dawati."

Nikauliza kama nitaondolewa kwenye hesabu.

"Siwezi kukuondoa kwa sababu umeniharibia. Ulikuwepo, kwa hiyo utaandikwa kama ulivyokuwa. Sikiliza, mdogo wangu. Watu huniambia kila siku kwamba hawakufuata utaratibu. Mmoja alisahau, mwingine alichoka, wa tatu hakupenda. Naandika, kazi inaendelea, wala simchukii mtu. Lakini anayenipa jibu zuri la uongo ananipoteza nisijue kama nimepotea. Leo ningeandika kutembea hakufai kitu, na wasichana wa shule nyingine wangenyimwa kwa ajili ya karatasi zako. Mwenzako alishaanza kuumia kwa maji yako. Usipoweza kufuata, sema. Usipotaka, jitoe. Ila usimdanganye mtu anayetafuta dawa, kwa sababu kuna mgonjwa nyuma yake anayengoja."

Nikasema nimeelewa. Mama Matroni alikuwa mlangoni muda huo wote, na viatu vyake. Alitangaza kwamba zamu ya taka sasa ni yangu hadi mwisho wa mwaka, na nitapimiwa dakika.

Nukta naye alikuwa nyuma yake. Hakuingia, lakini pia hakuondoka.

Ilibaki karatasi moja, ya maelezo ya mshiriki aliyekiuka utaratibu. Ilikuwa na nafasi ya mistari miwili na neno moja juu yake: Sababu. Dada Mapigo akashika kalamu mwenyewe, akasema niseme, ataandika. Nikamwambia nilifanya kwa ajili ya afya. Hakuandika. Nikamwambia nilitaka kuipima sayansi kama iko macho. Hakuandika, wala hakutabasamu, alingoja tu, kalamu juu ya karatasi, kama anavyongoja anapohesabu mapigo.

Niliangalia mlangoni, kisha nikaangalia magoti yangu.

"Nilikuwa nataka kumsikia akiongea," nikasema. "Upande wangu hakukuwa na mtu."

Akaandika hivyo hivyo, neno kwa neno, akanipa nitie sahihi.